Kwa nini mzabuni alipwe baada ya mwenye akiba?

SWALI

Shikamoo mama wakili. Mimi ni mzabuni mdogo hapa Mwanza, nauza na kutengeneza viyoyozi na jenereta. Nilikuwa na mkataba na benki moja ambayo sasa haipo, leseni yake ilifutwa ikakabidhiwa kwa mfilisi. Siku inafungwa nilikuwa naidai milioni 38 na ushee: viyoyozi vya matawi mawili na mafuta ya jenereta ya miezi minne. Ankara zote zimegongwa mhuri wa kupokelewa. Nilijaza fomu ya madai nikaipeleka mwenyewe kwa mkono. Jibu nililopewa ni kwamba wenye amana wanalipwa kwanza, sisi wengine tusubiri kitakachobaki, kama kitabaki.

Mama, mafuta yale nami niliyakopa kituoni, na mwenye kituo hataki kusikia habari za mfilisi. Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Inakuwaje Bunge litunge sheria ya kuwaweka wengine mbele na wengine nyuma katika deni la benki ileile? Mwanangu anasoma sheria chuoni, ananiambia huko Iceland wadai walikwenda mahakamani kupinga jambo hilihili. Je, walishinda? Na mimi nikienda?

Mzabuni, Nyakato, Mwanza

JIBU

Marahaba, baba. Nianze na lile unalolisubiri: hapana, hawakushinda. Na wewe ukitaka kwenda mahakamani na hoja ya usawa peke yake, nakushauri nauli hiyo umpunguzie mwenye kituo.

Kabla ya kuanza kuandika hapa nilifanya kazi na wafilisi kwa muda mrefu, nikikaa upande wa meza unaopokea fomu. Mwenye akiba huja na kadi yake na hasira. Mzabuni huja na faili lililopangwa, kila ankara imebanwa pamoja na hati yake ya kupokelea mzigo, kisha anaambiwa akae nyuma ya watu ambao hata risiti hawana. Kwa hiyo usidhani nakujibu kirahisi. Katika foleni nzima ile, ninyi ndio niliokuwa nawaonea uchungu. Mwenye akiba ana bima ya amana. Mwenye hatifungani, yaani aliyeikopesha benki kwa kununua hati zake za deni, alishapiga hesabu ya hatari akaiweka ndani ya riba. Mzabuni hana bima wala hakutoza riba, aliuza tu mafuta.

Lakini uchungu wangu si sheria. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema hivyo ulivyonukuu, ila ukiteremka hadi ibara ndogo ya 5 utakuta imeeleza kubagua ni kufanya nini: kumtendea mtu tofauti kwa sababu ya utaifa wake, kabila, alikotoka, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia au hali yake ya maisha. Kuuza viyoyozi hakumo humo. Hukuwekwa nyuma kwa vile ulivyo, umewekwa nyuma kwa aina ya deni unalodai, na madeni hayajapata kuwa sawa hata siku moja. Mwenye rehani ya jengo huchukua jengo. Gharama za kazi ya mfilisi hukatwa kabla ya wadai wa kawaida kuona senti. Hata mirathi ya Kiislamu ina foleni yake: mazishi, kisha madeni, kisha wosia, ndipo warithi, na sijasikia mrithi akilalamika kwamba amebaguliwa na sanda.

Hoja yenye meno ni nyingine, na ndiyo waliyoishika wale wa Iceland. Ni hoja ya mali. Deni ninalokudai ni mali yangu kama shamba lilivyo mali yangu. Ukipitisha sheria inayolishusha thamani, hujaninyang'anya?

Nikueleze yaliyotokea, maana mwanao ametaja kesi nzuri na wengi wanaitaja bila kuisoma.

Mwaka 2008 Iceland ilikuwa nchi ya watu laki tatu na kidogo. Benki zake tatu kubwa, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilikuwa na rasilimali zinazokaribia mara kumi ya pato la taifa zima. Fedha hizo hazikutoka kwa wavuvi. Zilikopwa kwenye masoko ya Ulaya kwa kuuza hatifungani, na Landsbanki ikaongeza njia nyingine: akaunti za akiba za mtandaoni zilizoitwa Icesave, Uingereza kuanzia 2006 na Uholanzi kuanzia 2008. Zilikuwa akaunti za matawi ya Landsbanki yenyewe, si za kampuni tanzu iliyosajiliwa huko. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililofanya mwalimu mstaafu wa Uingereza awe mdai wa benki ya Reykjavik. Benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008 masoko yakakauka. Hapakuwa na wa kuziokoa benki zile, kwa sababu madeni yalikuwa ya euro na pauni na dola, na benki kuu ya Iceland huchapa krona tu.

Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba, waziri mkuu Geir Haarde alihutubia taifa kwenye televisheni akamaliza kwa kumwomba Mungu aibariki Iceland. Siku hiyohiyo Bunge likapitisha sheria ya dharura, namba 125 ya 2008. Kesho yake Landsbanki na Glitnir zikachukuliwa na mamlaka ya usimamizi, na Kaupthing ikafuata tarehe 9.

Ndani ya sheria ile kulikuwa na kifungu kifupi ambacho sidhani kama mwananchi wa kawaida alikiona. Kilisema benki ikifilisika, madai ya amana yanapanda kuingia kundi la kipaumbele. Kabla ya hapo amana zilikaa kundi moja na hatifungani, mikopo ya benki kwa benki na ankara za watu kama wewe, wote wakigawana kilichopo kwa uwiano. Sasa jiweke kwenye viatu vya benki ya Ujerumani iliyonunua hatifungani za Landsbanki mwaka 2005. Uliinunua ukijua kwamba mambo yakiharibika mtagawana sawa na wenye akiba. Jumatatu asubuhi bado uko sawa nao, Jumanne uko nyuma yao, na kilichobadilika katikati ni kura za wabunge.

Hao ndio waliokwenda mahakamani. Walianzia Mahakama ya Wilaya ya Reykjavik, na tarehe 28 Oktoba 2011 Mahakama ya Juu ya Iceland ikatoa uamuzi wa mwisho. Walishika Ibara ya 72 ya Katiba yao ya mwaka 1944, inayolinda mali, na Ibara ya 65 ya usawa. Mahakama haikuwabeza. Ilikubali kwamba madai yao ni mali inayolindwa, ikakubali kwamba sheria mpya imewaumiza. Ila iliona kwamba Bunge lina uwanja mpana wa kupanga nani alipwe kabla ya nani, na uwanja huo unazidi kupanuka nchi inapokuwa ukingoni. Hatari ilikuwa ya kweli: wenye akiba wangeyakimbilia matawi kutoa fedha, na mfumo wote wa malipo ungesimama, hadi mishahara na mafuta ya meli. Hatua iliyochukuliwa haikuzidi haja. Na wadai wa kawaida walisukumwa nyuma wote kwa pamoja, hakuna aliyechaguliwa kuonewa. Kifungu kikasimama.

Naikubali hukumu ile. Kuna sehemu moja tu ninayoikubali kwa shingo upande, na ili uione lazima nikurudishe nyumbani.

Mwaka 1994 Mahakama yetu ya Rufani iliamua rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa kijiji cha Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu. Walikuwa wamepoteza ardhi yao ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji. Wakashtaki, na mwaka 1987 mahakama ikawapa ushindi wakarudishiwa. Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, Bunge likatunga sheria namba 22 ya 1992, ikafuta haki za kimila katika vijiji vya namna hiyo, bila fidia ya ardhi yenyewe, na kesi zilizokuwa mahakamani zikaamriwa zife. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema haki ya kimila kwenye ardhi ni mali chini ya Ibara ya 24, na kwamba huwezi kuichukua bila fidia inayostahili. Vifungu kadhaa vya sheria ile vikabatilishwa. Wanafunzi wengi huisoma kama kesi ya ardhi. Mimi naiona ni kesi ya Bunge linaloingilia mchezo katikati.

Weka hukumu hizo mbili mezani. Zote zinahusu sheria iliyotungwa baada ya haki kupatikana. Akonaay alifutiwa haki kabisa, na mlango wa mahakama ukafungwa. Mkopeshaji wa Landsbanki hakufutiwa deni, alishushwa daraja, na mlango ukabaki wazi, ndiyo maana leo tuna hukumu ya kusoma. Kisheria tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kwa mtu aliyeshushwa hadi mahali ambapo fedha haitafika, kushushwa na kufutiwa hutofautiana vitabuni tu, na hapo ndipo shingo yangu inapokuwa upande. Ukiniuliza nani alistahili kubeba hasara ile, nitasema mabenki yaliyokuwa yakikopesha benki zenye ukubwa mara kumi ya nchi yao. Walikuwa na wachambuzi wa kuwaeleza. Ila kwenye kapu lilelile la wadai wa kawaida yumo na mzabuni, na mahakama haikuwa na kesi yake mbele yake.

Kinachomkinga mtu hapo ni kipimo ambacho mahakama zetu zinacho tangu kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ya mwaka 1993. Ilihusu sharti la kuomba ruhusa ya serikali kabla ya kuishtaki, na sharti likaanguka. Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayobana haki ya msingi kwa jina la maslahi ya umma lazima ivuke vizingiti viwili: isiwe ya kukurupuka wala ya kumwachia mtu madaraka yasiyo na mipaka, na kubana kwake kusizidi kile kinachohitajika kufikia lengo. Ukiisoma hukumu ya Reykjavik baada ya hiyo utaona majaji waliokuwa mbali kiasi kile walikuwa wakipita njia ileile.

Sasa rudi kwako. Wakopeshaji wa Landsbanki walikuwa na hoja moja nzito: kwamba foleni ilibadilishwa wakiwa tayari wamesimama. Wewe huna hata hiyo, kama foleni uliyoelezwa ilikuwemo ndani ya sheria siku unasaini mkataba wa viyoyozi. Mahakama itakuambia uliingia ukijua. Utasema hukujua, nami nakuamini, lakini kutojua sheria hakujawahi kumwokoa mtu.

Kwa hiyo Katiba iache, shika faili lako. Kuna mambo matatu ningeyatazama kama ungekuwa umekaa mbele yangu.

Angalia tarehe za mafuta, moja moja. Mafuta uliyopeleka kabla ya leseni kufutwa ni deni la benki na yanakaa kwenye foleni. Lakini kama mfilisi alipoingia aliendelea kutumia jenereta, ili kompyuta zisizime na makabati ya fedha yalindwe, na wewe ukapeleka mafuta kwa maombi yake, hayo ni gharama za ufilisi. Hulipwa kabla ya wengine. Nimeona wazabuni wakiandika jumla moja kwenye fomu, mafuta ya kabla na ya baada yakachanganyika, na wote wakarudishwa nyuma pamoja. Tenganisha.

Pili, soma mkataba wa viyoyozi utafute sentensi inayosema mali itabaki kuwa ya muuzaji hadi bei ilipwe yote. Ikiwepo, na kama mashine hazijafungwa kwenye jengo kiasi cha kuwa sehemu ya jengo, una haki ya kudai mashine zenyewe, nje ya foleni. Mwandikie mfilisi kabla hajazipiga mnada. Baada ya mnada utakuwa unagombana na mnunuzi.

La tatu ni kama wewe mwenyewe ulikuwa na mkopo au overdrafti katika benki ile. Usikubali kulipa mkopo wote kwa mkono mmoja huku deni lako likisubiri foleni mkono mwingine. Omba madeni yakatwe yenyewe kwa yenyewe, na uombe kwa maandishi.

Mwenye kituo mpe nakala ya fomu yenye mhuri wa mfilisi. Haitajaza tangi lake, lakini atajua hukula fedha zake.

SWALI

Mama wakili, habari za nyumbani? Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Maidstone, Kent, miaka mingi sasa. Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na magazeti ya hapa yalikuwa hayana habari nyingine ila fedha za halmashauri zilizokwama Iceland. Tuliambiwa watu wa Iceland walijilipa wenyewe wakatuacha sisi wa nje. Juzi mume wangu, katika kubishana, akasema fedha zote zilirudi na wala hapakuwa na dhuluma. Nani mkweli? Na kama walijilipa kwanza, huo si ubaguzi?

Mama Rehema, Maidstone

JIBU

Njema, mwanangu. Kila mmoja wenu ana nusu ya habari.

Nusu yako ni hii. Siku chache baada ya benki kuchukuliwa, amana za matawi ya ndani ya Iceland zilihamishiwa benki mpya iliyoundwa na serikali. Mtu wa Reykjavik aliendelea kutumia kadi yake kama kawaida. Matawi ya nje yakaachwa ndani ya benki ya zamani, na mwenye Icesave akafungua ukurasa wake asipate kitu. Uingereza nayo ilijibu kwa ukali: tarehe 8 Oktoba ilizuia mali za Landsbanki kwa kutumia sheria ya mwaka 2001 ya kupambana na ugaidi. Watu wa Iceland hawajasahau hilo.

Nusu ya mume wako ni ndefu zaidi. Sheria ya dharura niliyomweleza mzabuni hapo juu haikusema amana za watu wa Iceland. Ilisema amana. Kwa hiyo mwenye akiba wa Maidstone alipanda daraja sawasawa na wa Reykjavik, na waliobaki chini ni wenye hatifungani. Kuhamishwa kwa amana za ndani kulimpa mtu wa Iceland fedha mapema, hakukumpa nafasi ya juu zaidi kwenye mali ya benki iliyofilisika. Kama wangehamisha amana zao bila kuwapandisha na ninyi, hapo ningekuwa upande wako moja kwa moja.

Watu binafsi wa Uingereza, zaidi ya laki tatu, hawakusubiri hata hivyo. Mfuko wa fidia wa Uingereza uliwalipa hadi pauni 50,000, na kilichozidi kikalipwa na Hazina. Jumla ilifika pauni bilioni 4.5 hivi. Aliyemlipa mwenye akiba alirithi nafasi yake kwenye foleni. Ndipo ikawa mteja mkubwa wa kipaumbele kile cha kuwalinda wanyonge ni serikali ya Uingereza, na ya Uholanzi karibu yake. Wenye hatifungani walilipigia kelele jambo hili na siwezi kusema walikosea kulitaja, ila haki ya mtu haipungui kwa kuwa mrithi wake ni tajiri.

Halmashauri ndizo zilizokuwa pabaya. Fidia ile ilikuwa ya watu binafsi, na halmashauri zaidi ya 100 zilikuwa na karibu pauni bilioni 1 katika benki za Iceland na tanzu zake, Kent peke yake pauni milioni 50. (Hata Tume ya Ukaguzi, iliyokuwa ikikagua hesabu za halmashauri hizo, ilikuwa na milioni 10 zake humohumo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajikumbusha kwamba ni kodi za watu.) Mahakamani Reykjavik wenye hatifungani walidai kwamba fedha za halmashauri si amana, ni mikopo ya kibiashara iliyowekwa na wahasibu wenye ujuzi wakitafuta riba nono. Halmashauri zikasema tuliweka amana, nyaraka zinasema amana. Hukumu ileile ya Oktoba 2011 ikawapa haki halmashauri. Nyingi hazikungoja mwisho. Mwaka 2014 ziliyauza madai yao kwa wanunuzi wa madeni zikafunga hesabu.

Kuhusu ubaguzi, kesi ilifika Mahakama ya EFTA, inayosikiliza mambo ya Iceland, Norway na Liechtenstein katika soko la pamoja la Ulaya. Kabla yake wananchi wa Iceland walikuwa wamepiga kura mara mbili, Machi 2010 na Aprili 2011, na mara zote wakakataa serikali yao iwadhamini Waingereza na Waholanzi kurudishiwa gharama zao. Mara ya kwanza kura za hapana zilizidi asilimia 90, ya pili zikakaribia 60. Tarehe 28 Januari 2013 mahakama ile ikaamua kwamba sheria ya Ulaya ilizitaka nchi ziwe na mfuko wa bima ya amana, haikuzitaka zilipe kutoka mfuko wa serikali pale benki karibu zote zinapoanguka kwa mpigo. Dai la ubaguzi nalo likakataliwa, kwa kuwa kuhamisha amana za ndani hakukuwa malipo ya bima ya amana.

Watu wengi huishia hapo wakasema Iceland ilikataa kulipa. Kura ya hapana ilikataa dhamana ya serikali. Mali ya Landsbanki yenyewe iliendelea kuuzwa polepole, na kwa sababu ya kile kifungu kifupi cha Oktoba 2008, kila fungu lililopatikana lilikwenda kwanza kwa amana. Mwanzoni mwa 2016 madai ya kipaumbele yalimalizwa kulipwa. Wenye hatifungani ndio waliogharamia, na hao walikuwa wengi wao si watu wa Iceland, jambo ambalo wabunge wa Reykjavik bila shaka walilijua wakati wananyoosha mikono.

Msalimie mume wako. Mwambie ameshinda, ila si kwa pointi nyingi.

SWALI

Mama, nilikuwa karani wa dirishani kwenye benki iliyofungwa. Mshahara wa mwezi wa mwisho hatukupata. Je, sisi tuko juu au chini ya wateja? Na Bunge likibadilisha foleni kesho, itatuhusu?

Karani, Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Mishahara kwa kawaida huwa juu, kwa kiwango na muda uliowekwa na sheria. Lakini tazama Iceland ilivyofanya: amana ziliwekwa kundi moja na mishahara. Karani wa Landsbanki ambaye zamani angekuwa na jirani wachache kwenye kundi lake, ghafla aligawana nafasi na akaunti laki kadhaa za nje ya nchi. Kwa bahati mali ya benki ilitosha kulipa kundi zima, la sivyo tungekuwa na kesi nyingine ya kusimulia. Wanaodai kipaumbele bungeni huangalia wanampita nani, wanasahau kuangalia wanajiunga na nani.

Swali lako la pili ni zuri kuliko ulivyodhani. Iceland ilibadilisha foleni kabla ya ufilisi kuanza, ingawa kwa saa chache. Marekani walipowapa wenye amana kipaumbele mwaka 1993, sheria ilihusu benki ambazo msimamizi wake wa ufilisi aliteuliwa baada ya tarehe 10 Agosti mwaka huo, zilizokwisha kufungwa zikaendelea na foleni ya zamani. Kwenu mfilisi ameshaingia na madai yameshasajiliwa. Sheria ya kuwashusha leo, katikati ya ugawaji, ingefanana na ile ya 1992 iliyomkuta Akonaay kuliko ile ya Reykjavik, na ningeipinga mahakamani bila kuchukua ada.

Kwa sasa mpelekee mfilisi hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho uliolipwa, barua ya ajira, na karatasi ya mahudhurio ya mwezi ambao hukulipwa. Ya mahudhurio ndiyo inayosahaulika, na iko kwenye makabati ya tawi ambayo yataondolewa jengo likipangishwa.